Alum Rock: Maji safi, lakini safi kwa nani?

Tangu mwaka 1904 wakazi wa Birmingham, jiji la pili kwa ukubwa nchini Uingereza, wamekuwa wakinywa maji yatokayo milima ya Wales. Ni maji yanayosifika kwa usafi wake. Lakini kwa wale wanaofuga matumbawe majumbani mwao, maji hayo hayafai kabla ya kuchujwa upya. Na chujio linapoharibika, historia ndefu ya maji ya jiji hilo huonekana ndani ya tangi la kioo.

Alum Rock ni kitongoji cha mashariki mwa Birmingham. Barabara yake kuu, Alum Rock Road, imepangika maduka ya nguo, dhahabu, viungo na nyama halali, na wakazi wake wengi ni watu wenye asili ya Pakistan.

Nyumba nyingi hapo ni za matofali mekundu, zilizoshikana ukuta kwa ukuta, zilizojengwa mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20. Bahari iko mbali mno. Birmingham ni miongoni mwa miji ya Uingereza iliyo ndani kabisa ya nchi kavu.

Hata hivyo, katika nyumba kama hizo, wapo watu wanaoweka sebuleni bahari ndogo: tangi la maji ya chumvi, taa kali, samaki wachache wa rangi na matumbawe yaliyo hai.

Mwenye tangi la namna hiyo huhitaji maji matamu kila siku, maana maji ya tangi huvukizwa na joto la taa ilhali chumvi hubaki nyuma. Asipojazia maji matamu, chumvi huzidi na viumbe hufa. Ndiyo sababu chini ya sinki la jikoni huwepo mtambo mdogo wa machujio matatu au manne, uliounganishwa na bomba la maji la nyumba.

Siku mtambo huo unapoacha kufanya kazi yake, hakuna kengele inayolia. Maji huendelea kutoka, nayo ni meupe kama kawaida. Baada ya wiki chache, mchanga wa tangi hufunikwa na utando wa kahawia, mwani wa kijani huota juu ya mawe kama nywele, na matumbawe huanza kujikunja na kupoteza rangi.

Swali ambalo mwenye tangi hujiuliza ni moja: kama maji haya yanafaa kwa mtoto mchanga, kwa nini yanaua kiumbe cha baharini? Jibu lake linahitaji kurudi nyuma zaidi ya karne moja.

Jiji lisilo na mto mkubwa

Birmingham ilikua haraka kwa viwanda vya chuma, shaba na bunduki, lakini haikujaliwa kuwa na mto mkubwa. Kampuni ya binafsi iliyoundwa mwaka 1826 ilikuja kusambaza maji kwa wale walioweza kulipa, na maskini walitegemea visima vilivyochimbwa karibu na vyoo.

Mambo yalianza kubadilika katika enzi ya Joseph Chamberlain, aliyekuwa meya kuanzia mwaka 1873 hadi 1876. Chini ya uongozi wake baraza la jiji liliinunua kampuni hiyo ya maji, na mwaka 1876 huduma hiyo ikawa mali ya umma. Chamberlain alishikilia kuwa gesi yaweza kuliingizia jiji faida, lakini maji ni suala la afya, hayapaswi kufanyiwa biashara.

Jina hilo si geni katika historia ya Afrika Mashariki. Ni Chamberlain huyo huyo ambaye, akiwa Waziri wa Makoloni, alifika Mombasa mnamo Desemba mwaka 1902 na kusafiri kwa reli ya Uganda, akiwa njiani kuelekea Afrika Kusini.

Wala Birmingham haikuwa peke yake katika jambo hili. Katika miaka hiyo hiyo Sayyid Barghash, aliyetawala Zanzibar kuanzia mwaka 1870 hadi 1888, aliyavuta maji ya chemchemi zilizo kaskazini mwa mji na kuyafikisha Mji Mkongwe. Mombasa nayo, baadaye sana, mnamo mwaka 1957, ilianza kupata maji ya chemchemi za Mzima zilizoko Tsavo, kwa bomba la kilomita zipatazo 220.

Bonde lililozamishwa

Kufikia mwaka 1891 Birmingham ilikuwa na watu karibu nusu milioni, na visima na vijito vya karibu havikutosha tena. Mwaka uliofuata Bunge la Uingereza lilipitisha sheria iliyoliruhusu jiji hilo kuchukua mabonde ya mito Elan na Claerwen, katikati ya Wales.

Mhandisi James Mansergh alikuwa ameona kuwa mahali hapo pana sifa tatu: mvua nyingi, miamba isiyopitisha maji, na mwinuko unaozidi ule wa Birmingham. Yalijengwa mabwawa ya mawe na mfereji uliofunikwa wenye urefu wa kilomita 117.

Maji hushuka mita 52 tu katika safari hiyo yote hadi kwenye hifadhi ya Frankley, pembezoni mwa Birmingham, bila kusukumwa na pampu hata moja. Huchukua takriban siku moja na nusu njiani. Mfalme Edward wa Saba na Malkia Alexandra waliufungua mradi huo tarehe 21 Julai mwaka 1904.

Lakini kulikuwa na waliolipa gharama yake. Watu wapatao 100 waliokuwa wakiishi bondeni walihamishwa. Nyumba, mashamba, shule, kanisa na nyumba mbili ambamo mshairi Percy Bysshe Shelley aliwahi kukaa, vyote vilifunikwa na maji. Waliolipwa fidia ni wenye ardhi. Wapangaji, ambao ndio waliokuwa wengi, waliondoka mikono mitupu.

Kwa hiyo tangu siku ya kwanza maji hayo yalikuwa na pande mbili. Kwa mtoto wa mtaa wa mabanda wa Birmingham yalikuwa uhai. Kwa familia ya bonde la Elan yalikuwa ndiyo mwisho wa kijiji.

Risasi ndani ya mabomba

Maji ya mvua ya milimani ni maji laini, yaani hayana chokaa nyingi. Sabuni hutoa povu haraka na birika halishiki magamba. Lakini maji laini yana tabia nyingine: huyayusha madini ya mabomba yanamopita.

Katika nyumba nyingi za zamani nchini Uingereza, bomba linalotoka barabarani hadi jikoni lilitengenezwa kwa risasi, na mtindo huo uliendelea hadi yapata mwaka 1970. Risasi ni sumu, hasa kwa ubongo wa mtoto. Kiwango kilichoruhusiwa katika maji ya kunywa kilipunguzwa hatua kwa hatua hadi kufikia mikrogramu 10 kwa lita mwishoni mwa mwaka 2013.

Kuyang'oa mabomba yote ingekuwa kazi ya miaka mingi na gharama kubwa, kwani sehemu iliyo ndani ya mipaka ya nyumba ni jukumu la mwenye nyumba. Makampuni ya maji ya Uingereza yakachagua njia ya mkato ambayo imethibitika kufaa: kutia kiasi kidogo cha fosfeti katika maji. Fosfeti hujenga ganda jembamba ndani ya bomba, na ganda hilo huizuia risasi isiyayuke.

Kabla ya hapo palikuwa tayari na klorini. Mji wa Lincoln, baada ya mlipuko wa homa ya matumbo wa mwaka 1904 na 1905, ulikuwa wa kwanza nchini humo kutia klorini katika maji yake mfululizo. Dawa hiyo ilienea duniani na kuokoa maisha yasiyohesabika.

Hivyo basi kila kinachotiwa katika maji kina sababu yake. Klorini huua vijidudu, na fosfeti humkinga mtoto na risasi. Ila matumbawe hayakuwamo katika hesabu hiyo.

Bahari ndani ya kioo

Ufugaji wa viumbe wa baharini majumbani nao ulianzia Uingereza. Mwaka 1845 kodi ya kioo ilifutwa na bei ya kioo ikashuka. Kiwanda cha Chance Brothers kilichokuwa Smethwick, jirani na Birmingham, ndicho kilichotengeneza vioo vya jengo mashuhuri la Crystal Palace la mwaka 1851.

Mwaka 1850 mkemia Robert Warington alieleza jinsi samaki na mimea wanavyoweza kusaidiana ndani ya chombo kimoja. Mwaka 1853 bustani ya wanyama ya London ilifungua nyumba ya samaki, na mwaka 1854 Philip Henry Gosse alichapisha kitabu kilicholipa jina la akwaria umaarufu wake. Gosse huyo huyo alitoa kanuni ya kutengeneza maji ya bahari kwa kuchanganya chumvi mbalimbali, ili hata walio mbali na pwani wapate kufuga.

Matumbawe ya miamba ya bahari za joto hata hivyo yalikuwa magumu sana kufugwa ndani ya kioo kwa zaidi ya karne nzima. Mwaka 1961 Lee Chin Eng wa Jakarta, Indonesia, alieleza alivyofanikiwa kwa kutumia mawe hai yaliyotolewa baharini, viputo vya hewa na mwanga wa jua. Lakini yeye alikuwa na bahari karibu. Mfugaji wa mjini, mwenye maji ya bomba peke yake, alihitaji kitu kingine.

Tatizo ni kwamba tumbawe limezoea maji yenye virutubisho vichache mno. Maji ya mwamba wa matumbawe wenye afya huwa na fosfeti isiyozidi sana miligramu 0.03 kwa lita. Maji ya bomba yaliyotiwa kinga dhidi ya risasi huweza kuwa na miligramu 3, yaani mara 100 zaidi. Fosfeti hiyo hurutubisha mwani na kulizuia tumbawe kujenga mifupa yake ya chokaa.

Shaba iyayukayo kutoka mabomba ya nyumba nayo ni sumu kwa konokono, kamba na matumbawe. Silika iliyomo majini hulisha ule mwani wa kahawia unaofunika mchanga.

Utando wa mwaka 1959

Suluhisho lilitokana na haja tofauti kabisa, ile ya kuyafanya maji ya bahari yanyweke. Mwaka 1959, katika Chuo Kikuu cha California mjini Los Angeles, Sidney Loeb na Srinivasa Sourirajan walitengeneza utando mwembamba unaopitisha maji na kuzuia chumvi, maji yanaposukumwa kwa nguvu. Mtindo huo huitwa osmosisi ya kinyume. Mwaka 1965 mji mdogo wa Coalinga, California, ulianza kuutumia kusafisha maji yake ya kisima.

Huko Uingereza, mnamo mwaka 1935, Basil Adams na Eric Holmes walikuwa wamegundua resini za kutengenezwa zinazonasa chumvi zilizoyeyuka. Mtambo wa mfugaji wa matumbawe ni ndoa ya uvumbuzi huo miwili: utando huondoa sehemu kubwa ya chumvi, na resini hunasa masalio.

Kabla ya vyote viwili huwepo chujio la uchafu na chujio la mkaa. Mkaa ndio mlinzi wa utando, kwa sababu utando wa siku hizi huharibiwa na klorini. Dawa ile ile inayomwokoa mtoto na homa ya matumbo hutoboa kidogo kidogo kile kinacholiokoa tumbawe.

Chujio linapoharibika

Kushindwa kwa mtambo huu mara nyingi huanzia hapo. Mkaa huchoka, klorini hupita, utando huanza kuvuja, na resini, ikibebeshwa mzigo usio wake, humalizika kabla ya wakati.

Mwenye tangi hutegemea kipimo kidogo cha umeme kinachoonyesha jumla ya chumvi zilizoyeyuka majini. Katika jiji la maji laini kama Birmingham kipimo hicho chaweza kumdanganya. Maji ya bomba yenyewe husoma tarakimu ndogo, na mtu akaona hakuna hatari. Kipimo huhesabu jumla tu. Hakitaji kama kilichopita ni chokaa isiyo na madhara au ni fosfeti.

Hesabu rahisi yaonyesha uzito wa jambo hilo. Tangi la lita 200 likijaziwa lita 2 za maji ya bomba kila siku kwa siku 30, na kila lita ikiwa na miligramu 3 za fosfeti, litakuwa limepokea miligramu 180. Hiyo ni miligramu 0.9 kwa kila lita ya tangi, mara 30 ya kiwango cha baharini, ingawa sehemu yake hunaswa na mwani na mawe.

Kuchemsha maji, desturi ya nyumba nyingi za Afrika Mashariki na Asia, hapa hakusaidii. Moto huua vijidudu na kufukuza klorini, lakini fosfeti na shaba hubaki, tena huzidi kukolea kadiri maji yanavyopungua. Dawa ya kuondoa klorini inayouzwa madukani nayo hufanya kazi yake hiyo moja tu.

Kinachofaa ni kupima mahali patatu: maji ya bomba, maji yaliyotoka kwenye utando, na maji yaliyotoka kwenye resini. Ikiwa tarakimu ya pili inazidi sana asilimia 5 ya ile ya kwanza, utando una kasoro. Ikiwa utando ni mzima lakini tarakimu ya tatu si sifuri, resini imekwisha. Mkaa hubadilishwa kwa kalenda, bila kungoja dalili.

Wakati matengenezo yakisubiriwa, maji ya bomba hayatiwi tangini. Maduka mengi ya samaki huuza maji yaliyokwisha kuchujwa, na madumu machache hutosha kwa wiki. Tangi likifunikwa, mvukizo hupungua. Chakula cha samaki kikipunguzwa, fosfeti mpya hupungua pia. Fosfeti iliyokwisha kuingia hutolewa taratibu, kwa kubadilisha sehemu ya maji na kutumia chembe za kutu ya chuma zinazoinasa. Ikishushwa ghafla, matumbawe huweza kudhurika kuliko mwanzo.

Uharaka huo una sababu. Matumbawe magumu yamo katika orodha ya mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya viumbe walio hatarini, na miamba yenyewe imejeruhiwa. Joto la bahari la mwaka 1998 liliua sehemu kubwa ya matumbawe ya Kenya na Tanzania, na mwaka 2016 miamba mingi ya dunia ilipauka tena. Tumbawe linalokufa sebuleni kwa sababu ya mkaa usiobadilishwa ni hasara isiyo na udhuru.

Somo la Chumbe

Pwani ya Waswahili imeishi na matumbawe tangu zamani. Misikiti ya Kilwa na nyumba za Lamu na Mombasa zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa yake. Kisiwani Chumbe, karibu na Unguja, ambako mwamba wa matumbawe ulitangazwa kuwa hifadhi mwaka 1994, tatizo la Alum Rock lilikutwa likiwa limegeuzwa.

Kisiwa hicho hakina maji matamu. Nyumba za wageni huvuna maji ya mvua kwa mapaa yake, na maji yaliyotumika kuogea na kunawia hupitishwa katika vitalu vya mimea inayopenda fosfeti na naitreti, ili virutubisho hivyo visifike baharini. Kazi ya resini ya Alum Rock, Chumbe hufanywa na mizizi ya mimea.

Safari ya tone moja

Mtambo wa jikoni una kasoro yake pia. Kwa kila lita moja ya maji safi, lita tatu hivi au nne hupita kando ya utando na kwenda mtaroni. Ni maji ya Elan yale yale, yaliyogharimu kijiji, na mwenye busara huyakinga ndooni kwa kufulia au kumwagilia bustani.

Na chanzo chenyewe kinabadilika. Mfereji uliojengwa zama za Malkia Victoria umezeeka na huhitaji kufungwa kwa matengenezo. Kwa sababu hiyo lilijengwa bomba jipya la kuleta Frankley maji ya mto Severn, ili jiji lisikauke mfereji unapofungwa. Maji ya mto huo wa tambarare yana chumvichumvi nyingi zaidi kuliko ya Elan. Mfugaji wa matumbawe hulazimika kupima upya maji anayodhani anayajua.

Maji yanayotoka majumbani mwa Birmingham huishia kwenye mitambo ya majitaka ya Minworth, mashariki mwa jiji. Huko fosfeti iliyotiwa kwa ajili ya mabomba, pamoja na ile ya sabuni na ya miili ya watu, hupaswa kupunguzwa tena kabla maji hayajarudishwa mtoni, kwani mito nayo hudhurika kwa mwani.

Mvua iliyonyesha juu ya Elan, kama ingeachwa ifuate njia yake, ingeingia mto Wye na kumalizikia baharini upande wa magharibi. Baada ya kupitia Birmingham, huingia mto Tame, kisha Trent, na kumwagika katika Bahari ya Kaskazini, upande wa pili wa kisiwa. Njiani imesafishwa, imetiwa dawa na kusafishwa tena, kila mara kwa ajili ya kiumbe fulani. Mwenye tangi wa Alum Rock, anapobadilisha mkaa wake na kuiona tarakimu ikirudi sifuri, amekuwa mmoja tu katika mlolongo huo mrefu.